Vumbi la Devotha

Jumatatu, 1 Machi 1993

Daftari hili ni la kiwandani. Nililiweka chini ya kanga siku tulipoambiwa tukabidhi funguo, na sijutii. Miaka kumi na moja nimeandika kwenye madaftari kama haya kila pipa la rangi lililopita mikononi mwangu: limewekwa saa ngapi, limechemka kiasi gani, kitambaa kimetokaje. Wao wamechukua kazi yangu, mimi nimechukua daftari lao.

Sasa nitaandika nyanya. Leo nimemaliza kuhamisha miche kwenye shamba la marehemu mama, huku juu ya Mkuyuni. Mistari thelathini na miwili. Mjomba Mwinshehe alikuja akasimama kwenye ukingo wa shamba na bakora yake. Nikamwambia shikamoo, akaitika marahaba huku anaihesabu mistari kwa macho. Kisha akasema, kaka yangu Abuu akiwa pale pale:

"Mwanaheri, ardhi ya ukoo wetu inapita kwa kina mama. Hilo habishi mtu. Lakini mama yako aliliacha shamba hili linalimwa, na wewe umekaa mjini miaka kumi na mitano. Nakupa masika hii moja. Ukivuna, ni lako na la binti yako. Likikushinda, Abuu atalichukua."

Abuu alikuwa anatazama miguu yake, lakini mdomo wake niliuona. Alikuwa anacheka. Najua tayari ameshawaambia watu atapanda migomba hapa.

Nimefunga, nina kiu, na nina hasira. Nitaivuna hii mistari hata kama ni kwa meno.

Jumanne, 2 Machi

Mvua.

Jumamosi, 6 Machi

Gulio. Nimenunua dawa ya ukungu kwa Devotha. Kulima nyanya masika bila dawa ya ukungu ni kutafuta fedheha, hata mtoto anajua.

Devotha ni mtu wa Kilema, Moshi. Mapipa yetu yalikuwa yanatazamana kiwandani. Chakula cha mchana alikuwa anaingiza mkono kwenye sahani yangu bila kuomba, na mimi nilikuwa nampiga kijiko cha vidole kila siku na kila siku anarudia. Tulipopunguzwa kazi, siku ile ile moja, yeye hakutaka kurudi kwao. Akaja kupanga chumba hapa Mkuyuni, akafungua kibanda cha mbegu na madawa. Zamani madawa yalikuwa yanatoka ushirika. Sasa ushirika umelala, na kila kitu ni ruksa, mwenye meza na mwavuli ni duka.

Amenipa pakiti ya unga wa kijani unaokaribia ubuluu. "Hii ni ya shaba," akasema. "Baba alikuwa anapulizia kahawa na hii. Koroga, halafu uendelee kukoroga. Usiache kutikisa bomba, umenisikia?"

Nikasema nimesikia. Ukweli ni kwamba kichwa kilikuwa kinaniuma kwa saumu na mtu wa kanda za kaseti alikuwa anapiga muziki sikioni mwangu.

Jumanne, 9 Machi

Leo ningekuwa na shoka ningelipasua hili bomba.

Nimeazima bomba la mgongoni, nimechota maji mtoni ndoo kwa ndoo, nimetia dawa ya Devotha, nimekoroga. Nikaenda mistari miwili tu, kichwa cha bomba kikaziba. Wenzangu huwa wanakipuliza kwa mdomo. Mimi nimefunga, nitakipulizaje? Nikatafuta mwiba, nikazibua. Hatua kumi, kimeziba. Nikazibua. Mara ya nne nikalivua bomba mgongoni, nikamimina kilichobaki kwenye ndoo ili nione ni mdudu gani ameingia.

Hakukuwa na mdudu. Juu kulikuwa na maji yaliyofifia rangi, na chini ya ndoo kulikuwa na tope. Dawa yote ilikuwa imelala chini kama unga wa muhogo uliolowekwa. Nikakoroga tena kwa nguvu, ikapanda. Nikaacha kidogo, ikalala.

Sukari inayeyuka. Chumvi inayeyuka. Shabu inayeyuka. Dawa isiyoyeyuka ni dawa gani? Itaingiaje kwenye jani?

Abuu akapita akielekea kwenye migomba yake. Akachungulia ndoo. "Dada," akasema, "umeuziwa vumbi la matofali."

Na mimi nilifikiri hivyo hivyo. Lile tope nikalichovya kwa fagio la majani, nikalipiga kwenye mistari miwili ya juu ili lisipotee bure. Majani yakabaki na madoa mazito, kama ukuta uliopakwa na mlevi.

Jumamosi, 13 Machi

Nimemwambia. Mbele ya gulio zima nimemwambia.

Kuna mfanyabiashara amekuja kutoka mjini, anaitwa Abeid. Shati limepigwa pasi, meza ina kitambaa. Kwenye meza ameweka glasi kubwa ya maji safi. Anachukua kijiko cha dawa yake, anatia, anakoroga mara tatu, na dawa inatoweka. Haibaki hata punje. Maji yanakuwa buluu safi kama bluu ya kufulia, unaona vidole vyake ng'ambo ya pili. "Tazameni, wazazi wangu," anasema. "Dawa ya kweli haifichi kitu chini. Dawa ya kweli inayeyuka."

Watu wakapiga makofi. Na mimi damu ikanichemka, nikakumbuka mwiba na lile bomba. Nilikuwa na ile pakiti ya Devotha kwenye kikapu. Nikaenda mpaka kwenye kibanda chake nikaibamiza juu ya meza, unga ukamrukia kifuani.

Nilimwita mwizi. Nilimwita mtu wa kuja, aliyekuja na sanduku la bati kunenepa kwa migongo ya Waluguru. Nilisema, "Unatuuzia vumbi kwa sababu unatuona washamba!" Watu walikuwa wametuzunguka, wengine wanacheka, wengine wanasema mwambie, mwambie. Mzee Dadi, anayeuza tumbaku ya kunusa, alisimama juu ya kigoda chake ili aone vizuri.

Devotha hakupandisha sauti. Alijipangusa unga kifuani, akaniambia kitu kimoja tu: "Mwanaheri, umefunga."

Nikamwambia Mungu ananijua. Nikaokota pakiti yangu, kwa kuwa ni mali yangu, nikaenda kununua kilo mbili za dawa ya Abeid. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni.

Jumapili, 14 Machi

Nimelala vizuri sana.

Jumanne, 16 Machi

Nimepuliza dawa ya Abeid mistari thelathini. Bomba halikuziba hata mara moja. Linatoa manyunyu membamba, shamba zima linang'aa, na majani yakikauka hayana doa. Hii ndiyo dawa.

Ile mistari miwili ya juu nimeendelea kuipaka vumbi la Devotha kwa fagio, kidogo kidogo, mpaka pakiti iishe. Sipendi kuona kitu kinatupwa, hata kama ni takataka.

Alhamisi, 25 Machi

Idi. Kila Idi, tangu mwaka themanini na mbili, Devotha huja kula pilau kwangu, na mimi huenda kwake Krismasi. Leo hakuja. Nilimtuma binti yangu Shakila na sahani. Akarudi nayo, imefunikwa vile vile nilivyoifunika, haijaguswa hata punje moja.

"Amesemaje?"

"Amesema asante mama, ameshiba."

Ameshiba! Mtu aliyekuwa anakula mkononi mwangu! Basi ashibe. Nimewapa majirani.

Jumanne, 30 Machi

Majani machanga yameungua pembeni, yamekuwa ya kahawia. Nimemuuliza Abeid. Amesema dawa kali lazima ikwaruze kidogo, hiyo ni dalili inafanya kazi. Sawa.

Jumamosi, 3 Aprili

Gulio. Kwa Abeid watu wamepanga mstari. Kwa Devotha hakuna hata nzi.

Jumatatu, 5 Aprili

Mvua. Nimepuliza.

Alhamisi, 8 Aprili

Mvua. Nimepuliza tena.

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua ya siku mbili mfululizo. Jana ilikuwa Pasaka, niliwasikia wanaimba kanisani kule bondeni kupitia mvua. Nimepuliza.

Ijumaa, 16 Aprili

Nimepuliza asubuhi, saa nne mvua. Nimepuliza jioni, saa moja baadaye mvua. Ukungu umekaa kwenye mlima siku ya sita sasa, siuoni hata mkorosho wa jirani.

Jumamosi, 17 Aprili

Devotha ameacha kuuza madawa. Kibanda kina chumvi, mafuta ya taa na viberiti. Nilipita mbele yake nikiwa nimeinua shingo. Yeye alikuwa anampimia mtoto mafuta ya taa, hakuinua macho. Nilitegemea nitafurahi zaidi.

Alhamisi, 22 Aprili

Madoa meusi. Majani kumi, labda kumi na mawili, mistari ya kati.

Jumamosi, 24 Aprili

Majani mia. Abeid ameniuzia kilo nyingine, anasema niongeze kipimo.

Jumatatu, 26 Aprili

Sijui naanzia wapi.

Nimeingia shambani alfajiri na harufu ndiyo iliyonipokea, harufu ya mboga iliyosahauliwa sufuriani. Mistari ya kati yote imeinama. Mashina yamekuwa meusi. Nyanya zilizokwisha kuwa na ukubwa wa limau zimepata kovu la kahawia linalozama ndani, na ukizibonyeza zinatoa maji. Nimepita na kisu nang'oa, nang'oa, nimeng'oa mistari kumi na mitatu na kuitupa kwenye shimo. Mikono yangu inanuka mpaka sasa ninavyoandika.

Abuu alikuja na Mjomba. Sijui nani alimwita Mjomba, lakini nadhani najua. Mjomba alitazama lile shimo muda mrefu. Akasema, "Bado hujashindwa, Mwanaheri. Lakini sitasema uongo, naona unakoelekea."

Abuu akasema, "Dada amejitahidi." Kwa upole kabisa. Afadhali angenitukana.

Nimemlaani Abuu, nimeilaani mvua, nimewalaani wote waliouza kile kiwanda. Nimekaa chini kwenye tope nimelia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa embe. Shamba hili mama alilima na mimi mgongoni. Nikilipoteza, sina pa kusimama hapa wala mjini.

Jumatano, 28 Aprili

Hii nataka kuiandika taratibu, kama nilivyokuwa naandika pipa lililoharibika, ili mtu akisoma aone kosa liko wapi.

Nimepanda leo mpaka mistari miwili ya juu. Sikuwa nimefika huko tangu juzi, nilijua nitakuta imeoza. Imesimama. Ni ya kijani, mizima, imebeba. Majani ya mstari wa tatu, hatua moja chini yake, yameungua yote. Nikasema ni upepo. Nikasema ni mteremko, maji hayatuami pale. Lakini mstari wa tatu uko kwenye mteremko ule ule.

Nikashika jani. Likanipaka kidole unga wa kijani. Lile vumbi la Devotha. Nimelipaka mara ya mwisho kabla ya Pasaka, mvua imenyesha wiki tatu juu yake, na bado lipo! Nikasugua kwa kidole chenye maji, halikutoka. Nikashika jani la mstari wa tatu, nililolipulizia dawa ya Abeid juzi tu. Safi. Hakuna kitu. Kama halijawahi kupulizwa.

Nikakimbia nyumbani. Nikachukua glasi mbili. Moja nikatia dawa ya Abeid, ikatoweka, buluu nzuri. Nyingine nikatia mabaki niliyokung'uta kwenye pakiti ya Devotha, ikafanya wingu, ikalala chini. Nikachovya jani la mgomba, upande huu kwenye glasi ya kwanza na upande ule kwenye ya pili, nikalikausha juu ya jiko, kisha nikachukua birika nikalimiminia maji kama mvua. Upande wa Abeid uliondoka na birika la kwanza. Upande wa Devotha nilimimina mabirika manne, ukabaki.

Nilikaa kwenye kinu nikajiona mjinga mkubwa katika wilaya hii.

Kwa sababu mimi nilijua. Miaka kumi na moja nilijua! Ile buluu ya kanga iliyokuwa haichuji, ile iliyotupa jina, haikuwa inayeyuka kwa maji. Tuliichemsha na dawa zake mpaka ikakubali kuingia ndani ya uzi, kisha tukaitoa kwenye hewa, nayo ikarudi katika hali yake ya kutoyeyuka, imenasa humo humo, wala maji hayaitoi tena. Na zile rangi za bei nafuu zilizoyeyuka kwa maji matupu mara moja, niliziandika kwa mkono wangu mwenyewe kwenye daftari kama hili: hizi zinachuja. Kinachoyeyuka kwenye ndoo kitayeyuka kwenye mvua. Mtu wa rangi, na sikuliona hilo. Nililiona bomba limeziba na nikaliona shati lililopigwa pasi.

Nimekasirika na Abeid, ndiyo. Lakini Abeid hakunishika mkono nibamize ile pakiti.

Ijumaa, 30 Aprili

Nimekwenda kwa Devotha. Nilizunguka kwa nyuma, nikaingia jikoni kwake. Alikuwa anachambua maharage.

"Hodi."

"Umeshaingia."

Nikapiga magoti. Mimi sijampigia mtu magoti tangu harusi yangu. Nikasema nimekosa, dawa yako ni ya kweli, nisamehe, na shamba langu linakufa, nisaidie.

Aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema bila kunitazama: "Chota chumvi ile uitie kwenye kikombe cha maji."

Nikachota, nikatia. Ikaanza kupotea.

"Itie na kwenye mafuta ya taa."

Nikatia. Ikakaa chini, nyeupe vile vile.

"Chumvi ni ile ile," akasema. "Maji yanaweza kuivuta punje zake zikaachana, mafuta hayawezi. Si suala la uzuri wala ubaya wa chumvi. Ni nani anaivuta, na yenyewe imeshikana kiasi gani. Dawa yangu imeshikana yenyewe kwa yenyewe kuliko maji yanavyoweza kuivuta. Ndiyo maana nilikwambia utikise. Ndiyo maana mvua haiiwezi. Ungeniuliza siku ile ningekueleza hivi hivi, kwa chumvi na mafuta ya taa. Hukuuliza. Ulitangaza."

"Nimekosa, Devotha."

"Nimesikia. Sina dawa. Nilirudisha yote kwa mwenye mzigo mjini, hakuna aliyenunua." Akainua macho kwa mara ya kwanza. "Una ya Abeid?"

"Kilo na nusu."

"Usiimwage. Ule ni mrututu, yale mawe ya buluu ya shaba, umesagwa, basi. Baba alikuwa nao magunia. Mrututu peke yake unaunguza jani na unaoshwa. Lakini ukiuchanganya na maji ya chokaa unageuka kitu kingine kabisa, kitu kisichoyeyuka, kinaganda kwenye jani. Nakijua kipimo. Najua namna ya kukipima kwa kisu."

Nikashika miguu yake. "Niambie."

Akaivuta miguu.

"Matusi ulinitupia gulioni, Mwanaheri. Msamaha unaniletea jikoni, tena kwa mlango wa nyuma? Nenda kalale. Kesho ni gulio."

Nimetoka pale nimekasirika mpaka nikapotea njia. Mistari yangu inaoza na yeye anataka sherehe! Nimemwita majina yote njiani. Nilipofika kwenye mto nikaishiwa majina, nikakumbuka unga ulivyomrukia kifuani. Siku ile na yeye angeweza kunijibu.

Jumamosi, 1 Mei

Mei Mosi. Redioni wanawaimbia wafanyakazi. Mimi nimebeba glasi mbili, birika na jani la mgomba, nimeshuka gulioni.

Abeid hakuwepo. Wanasema amehamia magulio ya upande mwingine wa mlima. Meza yake tu ipo, ameiacha. Nikapanga vitu vyangu juu ya meza yake. Watu wakasogea. Mzee Dadi akapanda kigoda.

"Leo mganga kaja na chupa zake!" akasema. Wakacheka.

"Cheka, Mzee Dadi," nikamwambia. "Shikamoo kwanza, halafu cheka. Na wewe una nyanya zinaoza, nimeziona."

Nikawaonyesha. Nikatia dawa ya Abeid, ikatoweka, nikasema, mlipiga makofi hapa, mimi nilipiga zaidi yenu. Nikaweka pembeni ile ya Devotha, iliyolala chini. Nikawaonyesha jani la mgomba nililolichovya pande mbili na kulikausha usiku. Nikamwita mama mmoja asiyenipenda kabisa, nikampa birika, nikamwambia mimina wewe ili wasiseme nimefanya mazingaombwe. Akamimina. Buluu ikamchuruzikia miguuni. Unga wa kijani ukabaki pale pale. Akamimina tena, kwa hasira, kama anataka kunikomoa. Ukabaki.

Hakuna aliyecheka.

Sauti yangu niliipandisha mpaka kwenye kiwango kile kile cha siku ile, maana nilijiwekea sharti hilo. Nikasema: "Devotha alituuzia dawa ya kweli. Mimi Mwanaheri nilimwita mwizi mahali hapa, mchana, nikiwa nimefunga. Nilimwita mtu wa kuja. Mwizi alikuwa na shati safi na mimi nilikuwa wa kwanza kwenye foleni yake. Dawa ya Devotha haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kichwani kwangu, na nikawaambukiza na ninyi."

Mjomba Mwinshehe alikuwa amesimama nyuma na bakora yake. Sikujua kama yupo. Nilipomwona nikataka ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimeshasema.

Devotha alikuwa kwenye kibanda chake, amefunga mikono. Akatoka taratibu, akapita katikati ya watu. Akaichukua ile glasi ya buluu, akaitazama.

"Chokaa mnayo?" akawauliza watu. "Ile ya kupaka nyumba. Kama mnayo, hii aliyowauzia isimwagwe."

Kisha akanigeukia mimi: "Ndoo ya plastiki, si ya bati. Na ulete kisu."

Jumapili, 2 Mei

Tumechanganya kwangu, watu kumi na mmoja wamekuja na ndoo zao. Chokaa imelowekwa ndoo moja mpaka ikawa kama maziwa, tukaichuja kwa kitambaa. Mrututu ukayeyushwa ndoo nyingine. Devotha akamimina mrututu juu ya chokaa taratibu, mimi nakoroga. Na mbele ya macho yetu vitu viwili vikawa kimoja, uji mzito wa buluu ya mbinguni, mawingu mawingu. Akachovya kisu, akakitoa. Kilikuwa na wekundu wa shaba.

"Bado kuna mrututu ulio huru. Ongeza chokaa."

Tukaongeza. Kisu kikatoka cheupe.

"Sasa pulizia. Leo leo, usiilaze. Na utikise bomba!" Hili la mwisho alilipigia kelele, na watu wote wakanitazama.

Nimetikisa bomba mpaka mgongo umeniuma. Kichwa kimeziba mara tatu. Nimezibua na mwiba, nikaendelea.

Hakula kwangu. Nilimwekea bonge la ugali na mchicha, akasema ameshiba.

Jumanne, 4 Mei

Mvua usiku kucha. Majani ni ya buluu bado.

Jumapili, 9 Mei

Mvua. Buluu. Madoa meusi mapya hakuna. Yaliyokuwepo yamekauka, hayatembei.

Jumanne, 11 Mei

Tumerudia. Devotha ameleta chokaa mwenyewe. Tunazungumza mambo ya dawa tu. Nikitania, hajibu.

Jumatatu, 17 Mei

Mistari mitatu zaidi ilikuwa imeshachelewa, nimeing'oa. Imebaki kumi na sita. Nusu kamili.

Jumamosi, 22 Mei

Tenga la kwanza.

Mjomba amekuja jioni. Abuu akamfuata nyuma kama kivuli. Mjomba akahesabu mistari kwa macho, akahesabu na shimo.

Abuu akasema, "Mjomba, nusu imekufa. Makubaliano yalikuwa avune."

Mjomba akamtazama. "Nilisema akivuna. Ulinisikia nasema mistari mingapi?" Kisha akanigeukia, uso hauna hata tabasamu. "Ukoo umekuona gulioni. Kuna walioona aibu. Mimi nilimkumbuka mama yako. Alikuwa na mdomo mbaya kama wako, lakini alikuwa anaufuata mpaka alikoupeleka, anaurudisha nyumbani. Shamba ni lako. Na punguza kelele."

Nilimwambia ahsante. Nilitaka kumwambia na Abuu neno moja, lilikuwa tayari ulimini, tamu. Nikalimeza. Limenikwama mpaka sasa.

Jumamosi, 29 Mei

Leo nimevuna mistari ile miwili ya juu, ya vumbi, ambayo nayo tuliipulizia ile buluu ya chokaa. Nilikuwa nimeinama, nikasikia mtu anapanda anahema. Ni Devotha, na begi jipya la madawa begani. Mwenye mzigo amempa tena, na safari hii watu wameagiza kabla hayajafika.

Hakunisalimia. Akapita katikati ya mistari anageuza majani, anasugua kwa kidole gumba, anatazama kidole. "Imeshika," akasema, kama anaongea na nyanya zenyewe.

Nikaendelea kuvuna. Nilikuwa na maneno mengi na nilikuwa naogopa kuyaharibu.

Nikamwona akasimama kwenye mche uliozaa kuliko yote, ule niliokuwa nimeuweka wa mbegu. Akanyoosha mkono bila kuomba. Akachuma nyanya iliyoiva kuliko zote, imepakwa buluu kichwani, akaipitisha kwenye maji ya mfereji mara moja tu na kuipeleka mdomoni.

"We Devotha!" nilipiga kelele mpaka ndege wakaruka. "Mjinga wewe! Maji hayaitoi hiyo, sugua!"

Mkono ukasimama hewani. Akaniangalia, halafu akaitazama ile buluu iliyokuwa pale pale juu ya nyanya, na mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo. Kisha akashika pindo la kanga yangu, si la kitenge chake, la kanga yangu safi ya Idi, akaisugulia nyanya mpaka ikang'aa, akala yote.

Doa la buluu halitoki. Nimelifua mara mbili.